Karatasi Arobaini na Ngozi Moja

Bartholomeo Haule alifukuzwa kazi kwenye karakana ya kujalidi vitabu ya misheni moja huko Songea kwa kosa ambalo hata waliomfukuza walilicheka wakiwa peke yao. Alipewa kujalidi hotuba za mkaguzi wa shule aliyependa mno kusikika. Akazijalidi kwa ngozi nyekundu, akapiga jina la mkaguzi mgongoni kwa herufi za dhahabu, ila ndani akashonea karatasi nyeupe tupu. Mkaguzi alikaa na kitabu kile sebuleni mwake mwaka mzima, akiwaonyesha wageni, kabla hajakifungua.

Baada ya hapo Bartholomeo akaingia kwenye biashara ya nguo. Mwaka 1998 ulimkuta Guangzhou, akiwa na umri wa miaka arobaini na mmoja, akisubiri suruali za watoto zilizokuwa zikishonwa kwenye kiwanda kidogo pale Kangle. Mwenye kiwanda alikuwa amemwambia "kesho" kwa siku tisa mfululizo. Hoteli aliyofikia ilikuwa na Watanzania wanne tu wakati ule, na kwa uchache wao walijuana mpaka dawa za kikohozi walizokunywa.

Mmoja wao alikuwa Mzee Ernest Temu wa Moshi, mnunuzi wa redio na feni, mwenyekiti wa kila jambo, hata lile lisilohitaji mwenyekiti. Yeye ndiye aliyepanga nani akae wapi mezani na nani aombe kabla ya chakula. Bartholomeo alimpenda kwa namna yake, lakini alikuwa na jambo lake naye. Kila alipomtambulisha kwa mgeni, Mzee Ernest alisema, "Huyu ni fundi wetu wa kubandika majalada," kwa sauti ya mtu anayemtaja mziba pancha wa stendi. Bartholomeo alitabasamu kila mara, akaweka moyoni.

Alhamisi moja asubuhi Mzee Ernest alimgongea mlango. Parokia yake, alisema, ilikuwa inatimiza miaka mia, na waumini walikuwa wakishindana kwa zawadi. Kuna waliotoa saruji, kuna waliotoa ng'ombe, na jirani yake mmoja ametoa kengele, jambo lililomnyima usingizi Mzee Ernest tangu Pasaka. Sasa yeye amepata zawadi isiyo na mpinzani. Katika duka la vitu vya kale, kwenye uchochoro nyuma ya soko la nguo la Shisanhang, amenunua kitabu cha nyimbo za Kilatini kilichoandikwa kwa mkono, cha miaka mia saba, kilicholetwa na wafanyabiashara wa Ulaya enzi za merikebu. Atamkabidhi askofu mbele ya parokia nzima. Kibao cha shaba chenye jina la mtoaji kilikuwa tayari kimechongwa. Kilichobaki ni barua ya mtaalamu.

"Andika tu," alisema. "Wewe umekaa na mapadre, unajua maneno yao. Nusu ukurasa inatosha."

Bartholomeo akaomba akione kwanza. Mzee Ernest aliona huko ni kupoteza muda, lakini akakubali.

Kukaa na mapadre kulikuwa kweli, ila Mzee Ernest hakujua kiasi chake. Kwa miaka kumi na mmoja Bartholomeo alifundishwa na Bruda Willibald, Mjerumani mfupi mwenye kidole gumba cheusi kwa gundi, kutengeneza vitabu vikuukuu vya kwaya vilivyoletwa kutoka Ulaya, vikubwa kiasi kwamba watawa kumi waliimba kutoka kitabu kimoja. Alijifunza kuviimba pia, kwa sababu Bruda aliamini kwamba asiyejua kuimba ukurasa hastahili kuushona.

Kabla ya kwenda chumbani kwa Mzee Ernest, Bartholomeo alipanda ghorofa ya juu kumwita Bi Mwanahija. Huyu alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa kutoka Ng'ambo, Unguja, binti wa fundi wa ngoma, na tangu akiwa mdogo mpaka alipoolewa alikuwa akimsaidia baba yake kuparura na kuwamba ngozi. Kwenye soko la vitambaa wenye maduka waliiogopa mikono yake. Alikuwa akifumba macho, anasugua kitambaa kati ya vidole viwili, kisha anamwambia laoban, mwenye duka, pamba ni kiasi gani na uongo ni kiasi gani.

Walikikuta kitabu kitandani juu ya taulo safi, mlango umeachwa wazi, na Mzee Ernest amevaa glavu nyeupe alizopewa kwenye kiwanda cha redio. Kitabu kilikuwa kikubwa kama sinia la pilau, na jalada lake la mbao lilikuwa na vishikizo vya chuma vyenye kutu. Mzee Ernest alimtazama Bi Mwanahija, akauliza kwa adabu kama ni sawa mtu asiye Mkristo kukishika kitabu cha askofu.

"Mzee Ernest," alisema Bi Mwanahija, "mbuzi aliyechunwa ngozi hii hakuulizwa dini yake."

Bartholomeo akamwomba mzee avue glavu zile, maana ngozi husomwa kwa vidole. Mzee Ernest akakataa, akabaki nazo. Basi wakaanza.

Bartholomeo alifungua ukurasa wa kwanza. Ulikuwa mzito, na ulipogeuzwa ulitoa sauti kama bati jembamba. Aliuinua kuelekea dirishani. Upande mmoja ulikuwa na rangi ya manjano, umejaa vitundu vidogo kama ncha ya sindano. Upande wa pili ulikuwa mweupe zaidi na laini. Bi Mwanahija alipitisha kidole gumba pande zote mbili huku amefumba macho. Akasema ule wa manjano ndio upande wa manyoya, ule mweupe ulikuwa umekaa kwenye nyama, na kwa jinsi vitundu vilivyopangika kwa safu, huyu alikuwa mbuzi, tena mzee. Akaonyesha mahali ngozi ilipokuwa nene kidogo, mstari mzima kutoka juu hadi chini. Hapo, alisema, ulipita uti wa mgongo.

Karibu na katikati palikuwa na tundu la mviringo, kubwa kama kitufe cha shati. Bi Mwanahija alicheka kidogo alipoliona. Ni kosa la mchunaji, kisu kimegusa, na ngozi ilipowambwa mkwaruzo ukapanuka ukawa tundu. Baba yake angemkemea mtu kwa hilo. Lakini mwandishi hakulikemea. Alipofika pale alilikata neno katikati, akaruka tundu, akamalizia upande wa pili, kama mtu anayepita kando ya dimbwi.

Bartholomeo akamwonyesha mengine. Pembezoni mwa ukurasa kulikuwa na safu ya vidonda vidogo vya sindano vilivyopimwa sawasawa. Hapo ndipo mwandishi alipoanzia kuchora mistari ili isipinde. Mistari ya noti ilikuwa minne, myekundu, imefifia, na juu yake noti za mraba za wino wa kahawia ulioila ngozi mpaka unausikia ukipapasa. Mahali pamoja ngozi ilikuwa na ukakasi, kwa maana mwandishi alikosea noti mbili, akazikwangua kwa kisu, akaandika upya. Mwishoni mwa kila mstari kulikuwa na kialama kidogo chenye mkia, ambacho Bruda Willibald alikiita mlinzi, kwa sababu humwambia mwimbaji noti ya kwanza ya mstari unaofuata kabla jicho lake halijafika huko. Na kwenye kona ya chini, upande wa nje, palikuwa na weusi wa jasho la vidole vya watu waliougeuza ukurasa ule kwa karne nyingi.

"Mnaona?" alisema Mzee Ernest. "Miaka mia saba."

Bartholomeo alifungua ukurasa wa pili, na hapo uso wake ulianza kupata ile hali ambayo wakubwa wake wa zamani waliijua na kuiogopa.

Ukurasa wa pili haukuwa ngozi. Ulikuwa karatasi nene iliyogandishwa kwa gundi na kuchovywa kwenye kitu. Aliinamia akanusa. Chai. Wa tatu ulikuwa hivyohivyo, na wa nne, na kuendelea, karatasi arobaini kamili. Vidonda vya sindano pembezoni havikuwepo, na mistari ilikuwa imechorwa kwa rula, imenyooka kama ya daftari. Noti za mraba zilikuwa nyeusi sana na zote zilifanana kama watoto wa baba mmoja, kila moja imemeguka kwenye kona ileile ya kushoto, kwa kuwa zilipigwa kwa muhuri mmoja wa mpira. Walinzi walikuwepo mwishoni mwa mistari, lakini walimwelekeza mwimbaji noti ambayo haikuwepo. Jasho la vidole lilipakwa karibu na mshono wa kitabu, mahali ambapo hakuna binadamu anayeshika anapogeuza ukurasa.

Kilichompendeza Bartholomeo kuliko vyote ni matundu ya funza. Kwenye kitabu cha kweli funza hutoboa moja kwa moja, ukurasa hadi ukurasa, na njia yake unaweza kupitisha uzi. Hapa tundu la ukurasa wa tano lilikuwa juu, la wa sita chini, la wa saba pembeni. Alimnong'oneza Bi Mwanahija kwamba funza huyu alikula ukurasa, akatoka nje kupunga upepo, kisha akarudi kupitia mlango mwingine.

Halafu akaanza kusoma maneno, taratibu, kwa sauti ya chini. Kulikuwa na *radix*, ambayo ni mzizi, na *fructus*, ambayo ni tunda. Mwanzoni hakushangaa, maana nyimbo za kanisa zimejaa mizizi na matunda. Kisha akasoma *Rhizoma Zingiberis*.

Bi Mwanahija aliinua kichwa. Akamwomba alirudie neno lile la pili. Bartholomeo akalirudia.

"Hiyo si zanjabili?" aliuliza Bi Mwanahija. "Neno nimelisoma chuoni, kwenye Kurani, tangu mdogo. Tangawizi hiyo."

Bartholomeo alilitazama neno, akalitazama la chini yake, *Cortex Cinnamomi*, gome la mdalasini, na chini yake ganda la chungwa. Akafunga kitabu polepole. Aliwahi kuyaona maneno yale kwa mpangilio uleule, na si kanisani. Yalikuwa kwenye maboksi ya dawa za miti shamba za Kichina, ambako majina ya dawa huandikwa kwa Kilatini chini ya maandishi ya Kichina. Aliyetengeneza kitabu kile alikuwa na ngozi moja ya kweli ya kuigia maumbo, na boksi la dawa la kuigia lugha.

Hapa lazima isemwe kwamba Bartholomeo alijaribu kusema ukweli. Alimwambia Mzee Ernest kwamba ukurasa wa kwanza ni hazina, lakini kuhusu zilizobaki angependa wakae wazungumze. Mzee Ernest akamkata kauli. Alisema hakumwita kupima kitabu, alimwita kuandika barua. Jumapili baada ya misa amewaalika Waafrika Mashariki wote waliopo mjini kwenye ghorofa ya juu ya mkahawa ulio mkabala na hoteli, awaonyeshe kitabu kabla hakijasafiri. Na kwa kuwa inasemekana fundi wa majalada anaweza pia kuimba, basi ataimba.

Walipokuwa ngazini Bi Mwanahija alisema si vizuri kumwacha mtu mzima aende kusimama mbele za watu na kitabu cha tangawizi. Bartholomeo akajitetea kwamba amejaribu na hakusikilizwa.

"Hukumwambia kwa sauti ya mtu anayetaka kusikiwa," alisema Bi Mwanahija, akapanda zake juu.

Neno hilo lilimchoma, akaenda kuandika barua, na aliandika ukweli mtupu. "Nimekitazama kitabu hiki. Kina kurasa arobaini na moja. Ya kwanza ni ya ngozi ya mbuzi na ni ya kale sana. Zilizobaki zinastahili kutazamwa kwa makini makubwa na kila mwenye nia ya kununua." Mzee Ernest aliisoma mara mbili, akafurahi, akasema hakujua kwamba Bartholomeo ana maneno mazuri kiasi hicho. Akaikunja na kuitia kwenye mfuko wa shati, upande wa moyo.

Jumapili mkahawa ulijaa. Walikuja watu kama thelathini: Watanzania, Wakenya watano wakiongozwa na jamaa mmoja aitwaye Kimani, na Wakongo wawili waliovaa suti. Felisia wa Ifakara naye alikuwepo, yule Mtanzania wa nne wa hotelini, mwanamke mwenye miwani ambaye kabla ya kuingia kwenye biashara ya nguo za watoto alikuwa mtoa dawa hospitalini. Juma lile lote alikuwa akikohoa, na mkobani alikuwa na boksi la dawa ya maji alilonunua kwenye duka la dawa la jirani.

Mzee Ernest alihutubia kwa dakika ishirini na tano. Alieleza jinsi macho yake yalivyokitambua kitabu kati ya vyungu na masanamu. Alionyesha kibao cha shaba. Alisoma barua ya mtaalamu, na watu wakapiga makofi kwenye neno "makini". Bi Mwanahija, aliyekaa nyuma karibu na dirisha, alimwangalia Bartholomeo kwa muda mrefu. Kisha Mzee Ernest, akiwa na glavu zake, akakifungua kitabu katikati, mahali penye herufi kubwa nyekundu yenye maua, akawaomba watu wote wasimame kwa heshima.

Bartholomeo alisogea mbele. Baadaye alimwambia Bi Mwanahija kwamba hata hapo alikuwa bado anaweza kusema. Lakini mzee alikuwa amemgeukia mmoja wa Wakongo, akamtambulisha, "Huyu ni fundi wetu wa kubandika majalada," na ulimi wa Bartholomeo ukafanya uamuzi wake wenyewe.

Akaimba. Alikuwa na sauti nzito, safi, iliyofunzwa, na noti zisizokuwa na mpango alizipa mpango wa kwake. *Rhizoma Zingiberis*, akaipandisha na kuishusha kama moshi wa ubani. *Radix Glycyrrhizae*, akaivuta mpaka watu wakafumba macho. Kimani aliinamisha kichwa. Wakongo walifanya ishara ya msalaba. Kila alipopumua kati ya mstari na mstari, sauti tatu nne zikaitikia "Amina".

Felisia ndiye aliyefungua macho kwanza. Alikunja uso, akainamisha sikio. Kwenye *Pericarpium Citri* alitia mkono mkobani akatoa boksi la dawa ya kikohozi, akainua miwani, akaanza kulisoma kwa kidole. Bartholomeo alimwona lakini alikuwa katikati ya pumzi. Kidole cha Felisia kilishuka pamoja na wimbo, mstari kwa mstari. Na Bartholomeo alipotua kabla ya mstari wa mwisho, Felisia, kwa sauti yake ya kwaya ya Ifakara na bila nia yoyote mbaya, akaumalizia yeye kutoka kwenye boksi, neno kwa neno.

Watu waligeuka. Felisia akainua boksi, akasema kwa mshangao wa kweli kwamba ni dawa yake hii, imeandikwa hapa, anakunywa vijiko viwili kutwa mara tatu.

 Kisha Kimani akaangua kicheko, na ghorofa nzima ikamfuata. Watu waliegemeana. Mmoja wa Wakongo alikaa chini akifuta macho kwa tai. Mtu mmoja nyuma aliuliza kama zaburi hii inanywewa kabla au baada ya chakula. Hata wahudumu wa mkahawa, ambao hawakuelewa kitu, walicheka kwa kuambukizwa.

Bartholomeo naye alikuwa ameanza kucheka alipomtazama Mzee Ernest. Mzee alikuwa amesimama palepale, mikono yenye glavu imeshikilia kitabu wazi, kama mtu anayesubiri mtoto awekwe mikononi mwake. Hakuwa na hasira. Alikuwa akiutazama ukurasa kwa bidii, akilisoma neno mojamoja, akitafuta mahali ambapo watu wote hawa wamekosea. Kicheko cha Bartholomeo kilikatika. Hakuwahi kumwona mkaguzi wa shule akifungua kile kitabu cha karatasi tupu. Hii ilikuwa mara ya kwanza kwake kuuona uso wa mtu wakati mzaha unapomfikia.

Akainua mkono mpaka watu wakanyamaza. Akasema karatasi arobaini za kitabu hiki ni za uongo, na yeye alijua tangu Alhamisi, na kosa la kutosema kwa sauti ya kusikika ni lake, si la mzee. Akakichukua kitabu kutoka mikononi mwa Mzee Ernest, akarudi ukurasa wa kwanza.

"Lakini huu," alisema, "mzee wetu aliuona kati ya vyungu na masanamu, na hakukosea."

Akamwita Bi Mwanahija aje aseme habari za mbuzi, na Bi Mwanahija akasema, kwa kifupi na bila kumtazama Bartholomeo. Yeye akaeleza tundu lililorukwa, noti zilizokwanguliwa, vidonda vya sindano, na weusi wa vidole kwenye kona. Halafu akaimba. Safari hii hakuongeza chochote. Ulikuwa wimbo wa Majilio, mfupi, unaotembea kwa hatua ndogondogo, na kila mlinzi mwishoni mwa mstari alimpokea na kumkabidhi kwa mstari uliofuata. Ulipofika kwenye tundu la ngozi, neno lililokatwa lilisikika zima.

Hakuna aliyeitikia Amina.  Watu wakaanza kusogea mmoja mmoja kuugusa, Wakristo kwa Waislamu, na wa mwisho alikuwa Mzee Ernest. Alivua glavu ya mkono wa kulia. Akaweka kidole juu ya vitundu vya manyoya, akakipitisha polepole, akarudia.

"Kumbe vinasikika," alisema.

Jumatatu asubuhi walikwenda watatu, Mzee Ernest, Bi Mwanahija na Bartholomeo, mpaka kwenye lile duka la uchochoroni. Mwenye duka alikuwa mama mwembamba aliyeitwa Fang, na alikuwa akila tambi walipoingia. Bi Mwanahija, aliyejua Kichina cha sokoni, alimfungulia mashtaka. Mama Fang alisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kula. Kisha akajibu kwamba yeye aliulizwa kama kitabu ni cha kale, akafungua ukurasa wa kwanza, akausonta, akasema hiki ni cha kale. Hakuulizwa kuhusu zile nyingine. Zile nyingine ni za kuulinda wa kwanza usikunjike.

 Bartholomeo alijikuta anamheshimu yule mama.

Walibishana mpaka chai ikamiminwa mara tatu. Mwishowe ikawa hivi: Bartholomeo atakata mshono, ngozi moja itaondoka na Mzee Ernest, na jalada na karatasi arobaini zitabaki kwa Mama Fang, ambaye aliongeza juu yake sanduku la seti ya chai, iliyoonekana kuwa mpya kabisa, na hakudai kwamba ni ya kale. Bartholomeo alikaa kwenye kigoda, akaazima wembe, akakata nyuzi moja moja kama alivyofundishwa, akauachia ukurasa bila kuuumiza.

Mama Fang alimtazama akifanya kazi hadi mwisho. Kisha akamwambia kitu Bi Mwanahija, na Bi Mwanahija alitafsiri huku akijizuia kucheka. Mama anasema wewe unajua lugha ile. Anasema maneno ya dawa yamemletea aibu, na anaomba umwandikie maneno mazuri kidogo, ya kanisani, ili kazi yake nyingine iwe bora.

Mzee Ernest alishtuka, akasema wasimsaidie mwizi. Bi Mwanahija alimtazama Bartholomeo, na safari hii macho yake yalikuwa na onyo. Bartholomeo aliomba kalamu. Aliandika kwa uangalifu, kwa mwandiko mkubwa wa Bruda Willibald, herufi ya kwanza akaipamba kwa maua: *Emptor, foramina vermium inspice antequam emas.* Mama Fang alifurahi sana. Aliibandika karatasi ile ukutani juu ya meza yake ya kazi, akamminya mkono.

Walipotoka uchochoroni Mzee Ernest aliuliza ameandika nini. Bartholomeo akamweleza: mnunuzi, kagua matundu ya funza kabla hujanunua. Kuanzia leo kila kitabu kitakachotoka duka lile kitakuwa kinasema hivyo, kwa herufi nyekundu, kwenye kila ukurasa.

Mzee Ernest alisimama katikati ya njia, wabeba mizigo ya nguo wakimkwepa huku na huku. Mabega yake yakaanza kutikisika. Alicheka mpaka akashika ukuta, na Bi Mwanahija, ambaye tangu Alhamisi alikuwa hajamsamehe Bartholomeo, akamsamehe hapohapo.

Suruali za Kangle zilikamilika siku mbili baadaye. Bartholomeo na Mzee Ernest walirudi nyumbani kwa ndege moja kupitia Bangkok, ngozi imelazwa kati ya maboksi mawili ya shati juu ya magoti ya mzee njia nzima. Hakukubali kuiweka juu kwenye mizigo, wala kuiweka chini wakati wa chakula. Kwenye uwanja wa ndege wa Dar es Salaam, ofisa wa forodha, dada mmoja mwenye uso wa kuchoka, aliuliza kilichomo. Mzee Ernest akafungua.

Foleni ilikuwa ndefu nyuma yao. Hiyo haikumzuia. Alimweleza yule dada kwamba ukitaka kujua ngozi, usivae glavu. Akamwambia aguse. Huu upande wa manyoya, huu wa nyama, hapa ulipita uti wa mgongo. Hapa mchunaji alikosea na mwandishi akaruka. Kile cha mwisho wa mstari kinaitwa mlinzi. Yule dada alianza kwa kutaka yaishe, lakini alipofika kwenye tundu aliinama, akaingiza ncha ya kidole kidogo, akatabasamu. Akauliza ngozi hii ni ya mnyama gani.

"Kondoo," alisema Mzee Ernest kwa uhakika. "Tena jike."

Bartholomeo alikuwa amesimama nyuma yake na mabegi mawili ya suruali. Alifungua mdomo. Akamwangalia mzee, akamwangalia yule dada aliyekuwa bado anapapasa ukurasa, kisha akaufunga mdomo, akasukuma begi lake mbele kwa mguu.